Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2024

Ndugu wanachama, wazee wetu, akina mama, na vijana mliosimama huko nyuma kwa kukosa viti,

Nianze na hilo la viti, maana ndilo litakaloulizwa kwanza. Viti vyetu 60 vilitoka asubuhi kwenda harusi upande wa Subukia. Mwenye harusi alishalipa kabla mimi na katibu hatujakumbuka kwamba leo na sisi tuna shughuli. Kosa ni letu wawili, pesa ni za chama.

Mambo ya kawaida nitayapita mbio. Tuko wanachama 64. Mchango wa mwezi umebaki shilingi 200 na sioni sababu ya kuupandisha mwaka huu. Turubai kubwa lilipasuliwa na upepo wa Aprili, limeshonwa, linavuja kidogo pembeni. Mikopo midogo imerudi yote isipokuwa miwili. Wahusika wamo humu ndani na sina haja ya kuwatazama. Hesabu mtasomewa na mweka hazina.

Mwaka huu tulizika watu watatu. Wawili niliwaeleza katika mkutano wa Julai. Wa tatu ni mzee wetu wa Keya, aliyetutoka Agosti, na kwake naomba mnivumilie. Msiba ule ulikwama mara mbili mbele ya macho yenu. Mara ya tatu, ambayo ndiyo ilikuwa ya kwanza, ulikwama ndani ya mkoba wangu.

Familia imeniomba nisiandike jina lake katika karatasi hii kwa sababu lipo faili lake bado linazunguka. Hamna atakayepotea. Ni yule wa koti la kaki na fimbo, aliyekuwa akifika mkutanoni robo saa kabla ya katibu, halafu anamtazama katibu akiingia bila kusema kitu.

Alizaliwa Maragoli, Vihiga. Mwaka 1942 aliingizwa Keya. Vijana wananiuliza Keya ni nini: ni KAR, King's African Rifles, jeshi la Mwingereza la askari Waafrika wa huku kwetu. Wazee walizitamka herufi hizo hivyo, jina likakaa, kama Carrier Corps ya vita vya kwanza ilivyogeuka Kariokor pale Nairobi. Hakwenda kwa mapenzi ya Mfalme. Chifu alitakiwa kutoa vijana, na katika boma lao walikuwemo wawili waliokwisha kuota ndevu, yeye na binamu yake. Walichukuliwa siku moja. Yeye akatiwa kikosi cha 11 cha KAR na kufundishwa kuendesha lori. Binamu akapelekwa kwenye mizinga. Mshike hilo la binamu, nitalirudia.

Mwaka 1943 Mzee na kikosi chake walivushwa bahari hadi Ceylon, ndiyo Sri Lanka ya leo, wakafanye mazoezi ya msituni na divisheni nzima ya 11 ya Afrika Mashariki. Beji ya divisheni ile ilikuwa kichwa cha kifaru. Mzee alipenda kusimulia kwamba alivaa kifaru begani vita vizima bila kumwona hata mmoja, mpaka wajukuu walipompeleka mbugani hapa Ziwa Nakuru akiwa amekwisha kupita miaka tisini. Akateremsha kioo cha gari, akamtazama yule mnyama muda mrefu, akasema, "Kumbe ndiyo wewe."

Burma waliingia 1944. Mvua ikinyesha bila kukoma, divisheni yao ilishuka bonde la Kabaw ikiwafuata Wajapani waliokuwa wakirudi nyuma baada ya kushindwa Imphal. Bonde hilo lilikuwa na jina baya kwa sababu ya malaria na homa nyingine kabla hata hujataja risasi. Sisi tulipomuuliza habari za vita alitueleza habari za tope. Lori lilizama mpaka kwenye milango, wakakata miti, wakatandika magogo barabarani, lori likatoka, magogo yakamezwa, wakaanza tena mita hamsini mbele. Chakula kilidondoshwa na ndege. Na kila siku kidonge cha njano cha kuzuia malaria, unakimeza mbele ya afande, kisha unaachama aone kama kimeshuka. Kidonge kile kiligeuza ngozi na macho kuwa manjano. Desemba 1944 walifika Kalewa, na mto Chindwin ukatandikwa daraja la vyuma vya kuunganisha, la aina ya Bailey, urefu wake futi 1,154. Wakati ule hapakuwa na jingine la aina hiyo refu kuliko hilo duniani. Mzee alilivuka na lori lake, na alituambia kwamba katikati alifumba macho. Dereva. Sijui kama ni kweli, lakini hakuwahi kubadilisha maneno hayo.

Mimi nilifundisha Kiswahili miaka 31, kwa hiyo mtanisamehe nikisema jambo juu ya Kiswahili chake. Kilikuwa cha jeshini. Keya ilichanganya watu wa Nyasaland, Uganda, Tanganyika na Kenya, na lugha ya amri ikawa Kiswahili kilichonyolewa ngeli zote. "Watu yote nakwisha fika?" ndiyo ilikuwa salamu yake kwa mkutano huu. Mwaka wangu wa kwanza wa uenyekiti nilithubutu kumsahihisha: Mzee, ni watu wote, wamekwisha kufika. Akanitazama kama anavyomtazama katibu. "Mwalimu," akasema, "hii Swahili navuka Chindwin. Yako navuka wapi?" Sikumsahihisha tena.

Vita vilipokwisha 1945 alirudi na nyota ya Burma, nishani yenye utepe wa buluu iliyoiva, mstari mwekundu katikati na ya rangi ya chungwa kandokando. Alirudi pia na leseni ya kuendesha gari, na hiyo ndiyo iliyomlisha. Serikali ya kikoloni ilikuwa na mpango wa kuwapa mashamba askari waliorudi vitani, na hapa Bonde la Ufa tunayajua mashamba hayo kwa majina. Ulikuwa mpango wa askari Wazungu. Mzee aliajiriwa kuendesha trekta kwenye shamba la mmoja wao, afisa aliyekuwa Burma hukohuko, kwenye tope hilohilo. Alisema walikuwa wakipiga hadithi za Kabaw jioni, mwenye shamba akiwa amekaa barazani na yeye amesimama chini ya ngazi. Hakulisema kwa uchungu. Alilisema kama mtu anayeeleza mahali viti vilipopangwa.

Kuna mwaka, 2019 nadhani, habari zilitoka redioni kwamba zimepatikana nyaraka zinazoonyesha askari Waafrika wa Mwingereza walilipwa kwa rangi, wengine wakipata theluthi tu ya malipo ya Mzungu wa cheo kilekile. Kijana mmoja wetu alimkimbilia Mzee na simu akampa habari hizo. Mzee akamuuliza, "Ndiyo wanajua leo?" Akaendelea kumenya viazi.

Januari 1964 askari wa 11 Kenya Rifles walipoasi pale Lanet, yeye alikuwa Nakuru na alisikia. Namba ya kikosi ilikuwa ileile ya kikosi chake, na mshahara ulikuwa miongoni mwa manung'uniko yao. Basi wenziwe wakawa wanamtania kwamba ugonjwa wa kumi na moja ni wa kurithi. Baadaye yeye na wenzake walichanga hisa katika kampuni ya kununua ardhi, shamba likakatwa, wakapiga kura ya vipande, akaangukiwa na ekari mbili na nusu huku Bahati. Hapo ndipo alipoishi hadi mwisho, na hapo ndipo wengi wetu tulipomkuta. Mwaka 2001 tulipoanzisha chama hiki chini ya mti wa jirani yake, alikuwa wa tatu kutia kidole gumba kwenye daftari.

Sasa nije kwenye mkoba.

Mwaka 2018 serikali ya Uingereza ilitangaza pauni milioni 12 za kuwasaidia wakongwe wa vita wa nchi za Jumuiya ya Madola walio katika dhiki, kiasi cha mtu kupata milo miwili kwa siku. Kamati ilikubaliana tumwombee Mzee. Tukaenda kwenye ofisi moja, sitaitaja, na hapo ndipo tulipogundua kwamba mtu anaweza kupigana vita vya dunia na asiwe na karatasi. Kitabu chake cha mshahara kililiwa na mchwa pamoja na sanduku. Nyota ya Burma tuliibeba tukaiweka mezani. Karani akaigeuza, nyuma ni shaba tupu, haina jina wala namba. Namba yenyewe Mzee alikuwa nayo kichwani. Alisahau majina ya vitukuu, lakini namba ile alisimama, akabana visigino, akaitoa kwa Kiingereza tarakimu moja moja kama yuko kwenye gwaride. Karani akasema ni sawa, lakini iko wapi imeandikwa?

Kisha likaja la kitambulisho. Kitambulisho chake kinasema alizaliwa 1930. Siku ya kuandikishwa, ofisa alimtazama usoni akakadiria, na Mzee kwa bahati mbaya alikuwa na uso uliojitunza. Karani akatoa moja kwa nyingine: mwaka 1942 ulikuwa na miaka 12. Hatukuwa na jibu. Faili likaenda, likarudi, likaenda. Mwaka jana ikaja barua ikitaka hati ya kiapo na mashahidi wawili waliotumika naye jeshini. Mashahidi! Lakini hati ya kiapo ingewezekana, na wakili alikuwa tayari kuiandika bure. Barua ile ilikaa katika mkoba wangu wiki tatu. Kulikuwa na mahafali ya mjukuu wangu, kulikuwa na mvua, kulikuwa na hili na lile. Nilipoikumbuka, tarehe ya mwisho ilikuwa imepita siku nne, na tukaambiwa tuanze upya. Tulikuwa tunaanza upya Mzee alipofariki. Kamati inajua habari hii, ninyi wengine hamkuijua, na nimeona ni bora muisikie kwangu.

Alikufa usiku, nyumbani, baada ya kunywa uji na kulalamika kwamba hauna sukari. Msiba ukakwama mochari kwa sababu jina la kadi ya matibabu lina herufi moja zaidi ya lile la kitambulisho. Siku mbili tukihesabiwa malipo ya kulaza mwili, mpaka barua ya chifu ikatukwamua. Hapo namshukuru katibu, aliyelala kwenye benchi ya nje ili awe wa kwanza dirishani. Ndiyo sababu nimeacha kumsema kuhusu kuchelewa. Leo nimemsema kidogo tu.

Kukwama kwa pili mnakumbuka. Ukoo ulikuja kutoka Vihiga na basi, ukitaka mwili urudi nyumbani, na walikuwa na haki ya kutaka. Mzee wa kwao huzikwa kwao. Vijana wetu wakaanza kupandisha sauti langoni, jambo ambalo sikulipenda na nililisema palepale. Kilichotuokoa ni daftari la kumbukumbu. Mwaka 2016, katika mambo mengineyo, Mzee alikuwa ameomba iandikwe kwamba akifa azikwe kwenye ekari zake mbili na nusu, karibu na tangi la maji. Katibu wa wakati huo aliiandika kati ya hoja ya sufuria zilizopotea na hoja ya bei ya sukari, na Mzee akatia kidole. Mkubwa wa ukoo alivaa miwani, akasoma ukurasa wote, hata za sufuria akasoma. Akauliza kama kile kidole ni chake kweli. Kisha akasema, "Basi aliwaambia ninyi kabla yetu," akaenda kukaa chini ya mti. Hakukasirika, ila aliumia, na nilimpelekea chai mwenyewe. Wanachama wanaotoka magharibi wanajua ninachosema. Kama unataka kuzikwa hapa, usikiambie chama peke yake.

Mazishi mliyaona. Wastaafu wanne wa jeshi walikuja kwa hiari yao kutoka Lanet, wamevaa bereti, wakapiga saluti pale kaburini bila mtu kuwaomba. Mmoja wao si kijana, na goti lilimsumbua kwenye ule udongo uliolowa. Mheshimiwa mmoja naye alifika kwa kuchelewa, akapewa kipaza sauti, akatuambia tunamzika shujaa wa Mau Mau. Niliwaona mkitazama viatu vyenu. Si aibu kuwa Mau Mau. Tatizo ni kwamba hakuwa. Waruhiu Itote, yaani Jenerali China, alitoka Burma na cheo cha koplo akaingia msituni. Mzee wetu alitoka Burma hiyohiyo akapanda trekta. Alipoulizwa kwa nini hakwenda msituni alijibu kwamba msitu alishauona. Ningetaka hilo ndilo lisemwe kwenye kipaza sauti, lakini kipaza sauti hakikuwa kwangu.

Sasa turudi kwa binamu.

Baada ya matanga mjukuu wa Mzee alinipeleka nyumbani kwake kufungua kopo la Blue Band alilokuwa akiliweka chini ya kitanda. Ndani mlikuwa na nyota ya Burma, leseni ya zamani iliyochanika, na fungu la karatasi ndogo lililofungwa na mpira. Nikalifungua nikidhani ni risiti za maziwa. Zilikuwa risiti za chama hiki, mwandiko wa makatibu wetu watatu tofauti, zote za faini ya kutohudhuria mkutano, na zote za Februari.

Mnajua mkutano wetu huwa Jumamosi ya pili ya mwezi, kwa hiyo ule wa Februari huangukia kati ya tarehe 8 na 14. Mzee hakuwahi kukosa mwezi mwingine wowote. Februari hakuja hata mara moja. Alimtuma mtoto na pesa ya faini mkononi, tukampa mtoto risiti, basi. Februari 2021 hatukukutana kabisa kwa sababu ya korona, na alituma shilingi 50 hata hivyo. Hakuna aliyeuliza. Nilidhani ni kupanda viazi.

Mjukuu alijua. Meli iliyombeba binamu yake iliitwa Khedive Ismail. Ilitoka Mombasa mapema Februari 1944 katika msafara wa kwenda Colombo, imejaa wapiga mizinga wa Afrika Mashariki pamoja na wauguzi na wengine, na tarehe 12, karibu na visiwa vya Maldivi, ilipigwa na nyambizi ya Wajapani. Ilizama kwa muda wa dakika mbili hivi. Walikufa watu 1,297. Nyambizi ikajificha chini ya manusura waliokuwa wakielea, na manowari za Waingereza zikadondosha mabomu ya majini palepale walipokuwa wakiogelea. Mzee alikuwa Ceylon akimngojea. Siku hizo za Februari, alisema mjukuu, babu hakukaa na watu. Alikaa nyuma ya nyumba, kando ya tangi.

Oktoba mimi na huyo mjukuu tulipanda matatu kwenda Nairobi, kwa nauli yetu, mweka hazina asishtuke. Tulipita kwanza kwenye sanamu za askari na mpagazi pale Kenyatta Avenue, zilizowekwa 1928 kwa ajili ya vita vya kwanza. Maandishi yake ya Kiswahili yanaahidi kwamba ukipigania nchi yako, hata ukifa, watoto wako watalikumbuka jina lako. Jina la mtu hata mmoja halimo. Tukaendelea hadi makaburi ya vita ya Ngong Road, na huko yamo, ukutani, wakiwemo waliozama na ile meli. Tulisoma kutoka asubuhi mpaka jua likatupiga utosini. Jina la binamu kama familia inavyolitamka halipo. Yapo matatu yanayolikaribia, yote ya watu wa mizinga; karani wa jeshi aliandika alivyosikia. Mjukuu aliyapiga picha yote matatu kwa simu. Aliniuliza achapishe lipi, nikamwambia achapishe yote.

Sasa hoja yenyewe, na ndiyo ya mwisho katika taarifa yangu. Nimemwomba mweka hazina apige hesabu. Kuanzia 2002 hadi 2024 ni Februari 23. Saba za mwanzo faini ilikuwa shilingi 20, kumi na sita zilizofuata ni shilingi 50. Jumla shilingi 940. Kopo lilikuwa na risiti 21. Mbili zilizopotea tumezipata katika daftari.

Napendekeza fedha hizo zirudishwe kwa familia. Mweka hazina anapinga, na ana haki, kwa sababu katiba yetu inasema faini ikishalipwa hairudi, na anasema tukianza na mmoja kila mtu ataleta Februari yake. Tumebishana wiki mbili na bado tunasalimiana. Shilingi 940 ziko katika bahasha hapa mezani, nimezitoa mfukoni mwangu kwa sasa. Mkipitisha, chama kitanirudishia. Mkikataa, nitampa mjukuu kama mchango wangu binafsi na hoja itafungwa. Kura iwe ya kunyoosha mikono, na katibu ahesabu mara mbili, kuanzia na wale waliosimama nyuma.

Mwenyekiti